Mume Aliyejibu kwa Sauti ya Mama Mkwe

Mwaka 2013 nilikuwa mwalimu wa Kiswahili Kasulu, mgeni kutoka Tanga, nimepanga chumba kwa mke na mume wakulima. Wazazi wao walitoka Burundi. Wao walizaliwa huku. Jioni, baada ya ugali, waliwasimulia watoto hadithi moja, tena kwa pamoja. Mke alianza kama msimulizi yeyote: palikuwa na msichana aliyeolewa mbali. Mara akawa yeye ndiye huyo msichana: "Mama, naomba niende kwetu nikasalimie." Hapo mume alidakia, kabana pua, naye kawa mama mkwe: "Utakwenda ukimaliza kusaga ulezi." Ulezi hauishi, watoto hoi kwa kicheko.

Darasani nilikuwa nahangaika kueleza hadithi ndani ya hadithi, na msimulizi anayebadilika. Kwa hiyo nilikaa nao, nikasikiliza.

Msimu wa kuvuna maharage, mdogo wake mke alijifungua kule Munanila. Mke akaomba kwenda. Mume akakataa: mvua itaozesha maharage uani. Mke hakubishana. 

Jioni, watoto ndio waliodai hadithi. Mke akasimulia bila kumtazama mumewe. Akafika pale msichana anapoomba ruhusa.

"Mama, naomba niende kwetu."

Mume aliangalia moto. Nilitamani kuinuka niwapishe.

Hatimaye akabana pua. "Nenda, mwanangu. Maharage nitayapura mwenyewe."

"Baba, si ulezi?" binti yao mdogo akauliza.

"Ulezi, maharage, vyote nitafanya."

Mke alicheka mpaka akajifuta macho kwa kitenge. "Huyu mama mkwe kaokoka lini?"

Asubuhi alipanda gari la Munanila. Mume akapura, mimi nikapepeta, vibaya kiasi kwamba aliniomba nimrudishie ungo wake. Nikamuuliza mbona hakumruhusu kwa kinywa chake.

"Mwalimu, mimi nilikwisha kukataa. Ningerudije? Mama mkwe ndiye aliyekuwa hajajibu."

Nilipoanza kuandika hadithi zangu, nilijifunza kuwaachia watu wasemee ndani ya mtu mwingine yale yanayowashinda kusema wenyewe.

Mke alirudi Jumapili na mkungu wa ndizi kichwani. Mtoto wa mdogo wake, alisema, ana masikio makubwa kama ya babu yake, na mume akataka aelezwe habari yote upya, tangu mwanzo.