Pikipiki ya Kukaa Upande

Siku hiyo tulikuwa mimi, Barasa. Dada yangu Nekesa, anayenifuata kwa kuzaliwa. Omosh, fundi wa pikipiki na jirani yetu hapa Mukuru kwa Reuben. Kijana mmoja wa Donholm aliyekuwa akiuza pikipiki, ambaye jina lake sikulishika. Halafu, kule Jericho, Mzee Shiundu na mkewe, Mama Rispa. Nawataja wote mapema kwa sababu angekosekana mmoja tu, hata yule wa Donholm, tungerudi nyumbani mikono mitupu.

Safari yenyewe ilitokana na Nekesa kupata nafasi katika chuo cha ushonaji Buruburu. Nyonga yake ya kushoto imekakamaa tangu utotoni. Anatembea, lakini polepole, na mguu ule hauinuki wala hautanuki kama wa watu wengine. Magari ya abiria yana ngazi ndefu na makanga hawana subira. Viti vya boda boda viko juu, kwa hiyo kila mara ilibidi mtu asiyemjua amshike kiuno na kumpandisha kama gunia, jambo alilolichukia kuliko maumivu yenyewe. Tuktuk ya kila siku ingekula chakula cha nyumba nzima. Muhula uliopita aliwaomba chuoni wamngojee, wakamngojea. Safari hii walimwambia wazi kwamba asipofika Jumatatu, nafasi itapewa mwingine.

Mimi niliacha shule mama alipomfuata baba kaburini, ili Nekesa na mdogo wetu Simiyu wasiache. Napakia mabati katika kiwanda kimoja cha hapa karibu, na jioni nilikuwa nikiendesha boda boda ya mtu. Akiba yangu ilikuwa ya kununua boda boda yangu mwenyewe. Jambo la chuo lilipotokea nikabadili nia. Nikaamua nitafute pikipiki ya mtumba ya aina ile wanayoita kruza: ndefu, kiti kimeshuka chini, usukani umerudi nyuma kumfuata mwendeshaji, na abiria ana egemeo la mgongo. Nilikuwa nimeiona moja kwenye gereji ya Omosh, nikakipima kiti chake kwa shubiri. Kilinifika katikati ya paja. Nikasema, hii ndiyo ya Nekesa.

Jumamosi asubuhi, Mukuru. Mpango ulikuwa twende wawili, mimi na Omosh, tukaione kruza ya kijana wa Donholm. Nilimkuta Nekesa amekwisha kuvaa, amekaa mlangoni na mkoba mapajani. Nilimwambia apumzike, tutamletea.

"Mnaenda kuninunulia kiatu na mguu mmeuacha nyumbani?" akauliza.

Omosh akanitazama. "Amekumaliza, buda. Ita tuktuk."

Donholm tulifika jua likiwa bado la upole. Kijana muuzaji alikuwa ameiegesha pikipiki nje ya lango, nyeusi, inang'aa kila mahali. Kabla hata ya kumsalimu, Omosh aliweka kiganja kwenye injini, akakiondoa upesi. Injini ilikuwa moto. Nilivyofunzwa na Omosh, mnunuzi akikuta injini imekwisha kupashwa, ajue huenda asubuhi inakataa kuwaka na mwenyewe anaficha. Kijana akasema alikuwa ameitoa kidogo kuweka mafuta. Omosh akamjibu kwamba basi sisi tutakunywa chai hadi ipoe.

Tukanywa chai kibandani ng'ambo ya barabara, tukiitazama kama watu wanaolinda maiti. Ilipopoa, iliwaka mara ya kwanza. Omosh akalinganisha namba ya chasi na iliyoandikwa kwenye hati ya umiliki, akavuta cheni, akabonyeza breki, akachuchumaa kutazama moshi unavyotoka. Alipoinuka alitikisa kichwa kwa namna ya mtu aliyeshindwa kupata kosa. Kijana alikuwa mwaminifu kumbe, na bei yake niliiweza. Nilikwisha kuingiza mkono mfukoni.

Nikamwita Nekesa apande, tuondoke nayo.

Alikuja. Akakishika kiti, akakizunguka upande wa pili, akarudi. Kilikuwa chini kweli, lakini kilikuwa kipana kama mto wa kulalia. Kukaa kwa kutanua miguu, nyonga ilikataa. Akajaribu kukaa upande kama akina mama wanavyokaa kwenye boda boda. Kiti kilikuwa kimebonyea katikati, kikamsukuma mbele, akateleza hadi chini, nikamdaka. Akajaribu tena. Mara ya tatu alisema itafaa, atazoea, nilipe tu. Aliyasema hayo macho yakiwa chini, na mimi namjua dada yangu tangu akiwa mgongoni mwangu.

"Nekesa, nitazame. Inafaa?"

Akasema, "Umeweka pesa miaka mingi, Barasa. Sitaki niwe mimi wa kukataa."

"Nimekuuliza kiti."

"Haifai."

Nilisimama pale nikijiona mjinga. Nilikuwa nimepima kimo kwa shubiri zangu mwenyewe, mara ngapi sijui, na sikuwahi kumuuliza yeye mguu unafika wapi. Nimembeba tangu utotoni hadi nikadhani mwili wake naujua kuliko anavyoujua mwenyewe. Kijana wa Donholm hakukasirika. Alisema pikipiki ile ingemuua mtu wa nyonga, hata mama yake mzazi alikataa kuipanda, na akamuuliza Omosh kwa nini hatukwenda kutafuta kama ile ya mzee wa Jericho, ile ya sofa.

Omosh akacheka. Halafu kicheko kikamkatikia kinywani. Alikuwa ameiona mwenyewe mara nyingi, akaitania pamoja na wengine, wala haikumjia kuitaja, kwa sababu kwao mafundi ile ilikuwa kichekesho tu. Mzee mmoja aliyestaafu karakana ya reli alikuwa na kruza ndogo ya zamani. Egemeo la abiria alikuwa amelihamisha kutoka nyuma, akalichomelea ubavuni, kama kiti cha sebuleni kilichogeuzwa kutazama barabara. Alikuwa anaiuza na hakuna aliyeitaka.

Jericho, adhuhuri. Mzee Shiundu alikuwa amevaa ovaroli safi kuliko shati langu la kanisani. Alitusalimu kwa mkono, mmoja mmoja, akauliza kwetu ni wapi. Nilipomtajia kijiji chetu kule Bungoma akasema watu wa huko wana maneno mengi. Kisha akaniacha hapo na kumgeukia Nekesa. Alimuuliza mguu upi, unainuka hadi wapi, anakaa vipi kanisani kwenye benchi, akichoka anaegemea upande gani. Nekesa alimjibu kila swali. Sijawahi kumsikia akizungumza juu ya mguu wake kwa muda mrefu namna ile.

Ndipo mzee akaivua pikipiki turubai. Rangi ya tangi ilikuwa imefifia. Kiti kilikuwa chembamba na tambarare. Upande wa kulia palikuwa na egemeo lenye mto wa ngozi, na upande wa kushoto, chini, kibao kirefu cha chuma cha kuwekea miguu yote miwili. Mama Rispa alikuwa amekaa pale kila Jumapili kwa miaka, na sare yake nyeupe ya akina mama wa kanisa haikupata doa la grisi hata siku moja. Sasa macho ya mzee yalikuwa yamepungua nguvu, na daktari alimkataza kuendesha.

Bila kuulizwa, mzee akaanza kuisema pikipiki yake vibaya. Shokamzoba ya mbele inavuja. Mshale wa mwendo umekufa. Asubuhi ya baridi ni lazima uisubiri, ukiiharakisha inanuna. Omosh aliniambia kwa sauti ya chini kwamba hajawahi kuona muuzaji anayemfanyia kazi mnunuzi.

Mama Rispa alitoka ndani akijifuta mikono kwa leso, akamshika Nekesa na kumpeleka kwenye pikipiki. "Ipe mgongo, mwanangu. Usiipande. Kaa kwanza kama unakaa kwenye kigoda, halafu miguu ifuate."

Nekesa akaipa mgongo. Akakaa. Akainua mguu wa kulia, kisha akauvuta wa kushoto kwa mkono wake mwenyewe, akauweka kwenye kibao. Akaegemea. Mimi nilikuwa nimenyoosha mikono kumpokea na hakuna aliyeihitaji.

"Barasa," akasema, "shusha mikono."

Tulizunguka mtaa polepole. Kwenye kona nilimhisi akitulia nyuma yangu, hashiki shati langu kwa woga. Tuliporudi alishuka mwenyewe, akauliza kama anaweza kupanda tena, akapanda.

Kwenye bei ndiko tulikokwama. Mzee hakupunguza. Alisema kazi ya kuchomelea pekee ni ya thamani, na alikuwa na haki. Pesa zangu hazikufika. Niliomba anishikie hadi mwisho wa mwezi, naye akasema sawa, lakini Jumatatu ilikuwa kesho kutwa. Nekesa alikuwa bado amekaa juu ya pikipiki, ametulia tuli, hamtazami mtu.

Mama Rispa akamgeukia mumewe. "Baba Rispa, na hii ikiondoka, mimi nitakwenda kanisani na nini?"

Walizungumza kidogo kwa lugha ya nyumbani, mama akizungumza zaidi. Kisha mzee akaniambia masharti: kiasi kilichopungua nitakilipa kwa Jumapili. Nimchukue Mama Rispa mlangoni, nimfikishe kanisani, nimrudishe, hadi Krismasi. Nikamwambia hati ya umiliki abaki nayo basi, nikimaliza ndipo abadilishe jina. Alikataa. Akampigia simu binti yake amsaidie kuhamisha umiliki mtandaoni siku ile ile, kwa sababu, alisema, askari akinisimamisha na pikipiki ya mtu mwingine, Jumapili ya mkewe itapotelea kituoni. Kabla hatujaondoka Mama Rispa aliweka kiganja juu ya tangi akaomba. Omosh naye alivua kofia.

Njia ya kurudi tulipitia Jogoo Road, Omosh akitufuata kwa tuktuk. Kwenye steji moja ya boda boda walitupigia miluzi, mmoja akauliza sofa hiyo ina runinga. Nekesa akamjibu kwamba runinga ni yeye, atazame bure. Nilicheka hadi nikapunguza mwendo.

Jumatatu nilimshusha langoni chuoni kabla ya kengele. Aliingia bila kugeuka.

Niliyojifunza ni kumuuliza kwanza mtu ninayemtumikia, hata kama nimemlea. Nawashukuru wote niliowataja, na kijana wa Donholm nilimpitia baadaye kumwambia hivyo. Jumapili iliyopita nilimshusha Mama Rispa mlangoni kwake, akanyoosha sare yake, akanikumbusha kuja mapema wiki ijayo kwa sababu kuna ubatizo. Krismasi bado iko mbali.