Kidole Gumba cha Evelina

Evelina Luhaga amepanga samaki kwenye barafu pale mwaloni Kirumba, ufukweni mitumbwi inaposhusha samaki, kwa miaka kumi na tisa, na glavu hajavaa hata siku moja. Glavu ni za wageni. Wenye mwalo wao hutumbukiza mikono mitupu kwenye pipa, wakatandaza barafu, wakalaza sangara, wakatandaza nyingine juu, hivyo hivyo mpaka kreti ijae. Ukija na glavu zako utaulizwa kama umekuja kufanya kazi au kuosha maiti.

Tena anayeanza kazi hupewa mtihani. Anaingiza mkono kwenye pipa la barafu pamoja na mwenyeji mmoja, na wa kwanza kuutoa anaosha kreti za wenzake wiki nzima. Evelina hajawahi kushindwa, na usimwanzishie habari hiyo kama una haraka zako, maana atakusimulia yote.

Lakini heshima yake hasa iko kwenye kubonyeza. Sangara akishushwa, Evelina humbonyeza ubavuni kwa kidole gumba cha kulia. Nyama nzima hukisukuma kidole. Iliyochoka huwa imelegea ndani, hata kama kwa nje ngozi inang'aa. Akisema samaki apite, anapita. Akisema hapana, mwenye samaki apige kelele mpaka akauke koo, haimsaidii kitu.

Sasa shida ni hii: huu ni mwaka wa pili kidole hicho hakimwambii chochote. Kimekufa ganzi. Siku moja nyumbani kwake Buswelu alishika sufuria ya moto, akajua ameungua aliposikia harufu. Tangu hapo anabonyeza ili watu waone tu, huku akiamua kwa macho ya samaki na wekundu wa matamvua. Hakumwambia mtu. Aliogopa, tena aliogopa sana, kwa sababu anayepanga samaki karibu naye ni Jovitha, Mhaya wa Muleba mwenye kicheko cha kusikika mpaka uwanja wa mpira, na Jovitha anajua kubonyeza. Siri ingetoka, kazi ingekuwa ya Jovitha kabla ya saa sita mchana.

Basi mwezi wa saba akaja kijana anaitwa Muganyizi, mtafiti kutoka chuoni. Alikuwa anachunguza baridi inavyoiathiri mikono ya watu wanaoshika barafu kila siku. Alisema nchi za theluji wameandika mengi juu ya baridi, lakini yeye anataka kujua habari za mtu anayeshinda juani huku mikono yake iko kwenye barafu. Akaweka ndoo ya maji ya barafu mezani, kipimajoto, saa na daftari.

"Shikamooni mama zangu," alisema. "Utaingiza mkono. Ukianza kuumia, niambie, nitaandika muda. Zikifika dakika tano nitautoa mwenyewe."

Masikini Muganyizi! Hakujua amewaletea mchezo wao wa siku zote, tena mbele ya kadamnasi. Wanawake wanane waliingia mmoja mmoja, na wote wakamaliza dakika tano. Hakuna aliyeumia. Jovitha machozi yalimchuruzika mpaka kidevuni.

"Mama, unaumia?" Muganyizi aliuliza.

"Moshi wa hao wanaokaanga samaki," Jovitha alijibu. "Wewe endelea kuhesabu."

Evelina alipoingiza wa kwake alikuwa anapiga soga, akaulizia hali ya hewa ya Bukoba, akamtania kijana, naye Mhaya, kwamba nshomile, wasomi wa kwao, wamesoma mpaka wanapima maji ya ndoo. Watu wakampigia vigelegele.

Usiku ule Muganyizi hakuridhika na daftari lake. Asubuhi Jovitha akamhurumia, akamvuta pembeni. "Mwanangu, hapa ukisema unaumwa unaosha kreti wiki nzima. Nani atakwambia ukweli?"

Kijana akabadili mtindo. Akaazima stoo ya nyavu, akawa anawaita mmoja mmoja na kufunga mlango. Safari hii hakuwa na ndoo. Alikuwa na kipande cha uzi wa nailoni, mgumu kidogo kama wa kuvulia.

"Fumba macho, mama. Nikikugusa kidoleni, sema sasa."

Evelina alifumba. Alitega sikio asikie shati la kijana likisogea, au stuli ikilia, na kila akidhani amesikia kitu alitamka kwa kujiamini, "Sasa." Akanyamaza. "Sasa." Akanyamaza tena. "Sasa."

"Mama," Muganyizi alisema taratibu, "hapo sijakugusa."

Evelina akafumbua macho.

"Na pale nilipokuwa kimya?"

"Nimekugusa mara sita."

Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Mtu mzima, mwenye wajukuu, amekamatwa akidanganya na kipande cha uzi! Alikikunja kidole ndani ya kiganja na kukificha kwenye khanga.

"Kitarudi?"

"Hilo ndilo tunalolitafuta. Wapo wanaopata nafuu wakivaa glavu na kupumzisha mikono. Inabidi hospitali wakuone. Kama chako kitarudi, sijui."

"Umesoma kote huko uje kuniambia hujui?"

"Ndiyo, mama."

Jibu lile lilimpendeza kuliko alivyotarajia. Kijana akamwonyesha daftari: hapakuwa na jina, palikuwa na namba tu. Hakuna mtu mwaloni ambaye angejua.

Alipotoka nje, Nestory, mvuvi wa siku nyingi, alikuwa amemlaza mezani sangara wa kutosha arusi, na watu wamezunguka wanamsubiri bibi wa kubonyeza. Evelina aliangalia macho ya samaki, yalikuwa maangavu. Akafunua shavu, matamvua yalikuwa mekundu kabisa. Akaweka kidole ubavuni kama kawaida. Alikuwa ameshafungua mdomo kusema apite.

Hakusema. Aliushika mkono wa Jovitha, akauweka pale pale.

"Kidole changu kimekufa ganzi," alisema. "Mwaka wa pili sasa. Sema wewe."

Jovitha alimtazama. Akabonyeza mara moja, akabonyeza tena karibu na mkia.

"Huyu alilala juani kabla ya kutiwa barafu, dada. Ndani amelegea kabisa."

Nestory aliinamisha kichwa, hakubisha. Evelina aliyatazama tena yale macho maangavu. Alijaribu kukumbuka ni sangara wangapi wa namna hii amewapitisha kwa miaka miwili, wakaenda kwenye sahani za watu, akashindwa.

"Kafungue kreti za leo," alimwambia Jovitha. "Zote nilizozipitisha. Anza upya."