Sajini Aliyekimbilia Mwano

Sajini Athanas hakujua kutulia. Hata kanisani alikaa ukingoni mwa benchi, jicho mlangoni, goti likichezacheza, mpaka mkewe Martina amwekee mkono pajani kama anayetuliza ndama. Kazi ya gereza ndiyo iliyomfanya hivyo. Mfungwa akitoroka, askari ndiye anayejibu, na Athanas alikuwa amekaribia kustaafu. Aliomba jambo moja tu kwa Mungu: amalize bila doa.

Jumapili moja jumuiya yao ilisoma habari za Paulo na Sila, wale wahubiri waliochapwa viboko kule Filipi, wakatupwa gerezani, miguu ikabanwa kwenye mkatale. Enzi hizo za Warumi mfungwa akitoroka, mlinzi alilipa kwa roho yake. Usiku tetemeko likafungua milango yote. Mlinzi akazinduka usingizini, akaona milango wazi, akachomoa upanga ajiue. Paulo akamzuia kwa sauti kubwa, kwani hakuna hata mmoja aliyekuwa ametoka.

Wengine wakasifu imani ya Paulo. Athanas akamshukia mlinzi. "Yule si askari. Alilala zamu. Ningekuwa mkuu wake nisingemhurumia."

"Baba Nelly," Martina akasema taratibu, "hujafa hujaumbika."

Watu wakacheka. Athanas akanuna mpaka chakula cha jioni, maana ndivyo alivyo.

Wiki hiyohiyo alitoka na wafungwa watano kwenda kupalilia pamba upande wa Songwa. Alikuwa peke yake, mwenzake anaumwa. Kati ya wafungwa alikuwemo Makoye, mchimbaji aliyefungwa kwa kumpiga mwenziwe chepe wakigombea shimo. Kwao kulikuwa palepale, ng'ambo ya korongo. Mtu akisimama shambani anayaona mabati ya nyumba ya mama yake. Asubuhi nzima Athanas hakumwondolea macho. Makoye akiinuka kunyoosha mgongo, Athanas naye anainuka. Makoye akipiga chafya, bunduki inahama bega.

Jua lilipopanda, mwano ukapigwa.

Msukuma haulizi mwano ni wa nini. Ukisikia yowe lile la wanawake, la kukatakata, likipokelewa boma kwa boma, unaacha ulichoshika unakimbia. Asiyekwenda hutozwa faini, na siku ya shida yake hakuna atakayeinuka. Athanas alinyonya hilo kwa mama yake. Sasa sikia kituko. Bwana huyu, bunduki begani na buti za serikali mguuni, alichomoka kama kijana wa miaka ishirini, akaruka matuta, akakimbia. Hakuaga mtu.

Alikuwa ameshavuka njia ya ng'ombe ndipo akili ilipomrudia. Akageuka mbio. Shamba lilikuwa tupu, majembe yamelala kati ya mistari ya pamba.

Akaketi kwenye tuta. Aliogopa, aliona haya, na kwa mara ya kwanza alimhurumia yule mlinzi wa Filipi. Alimwona Nelly akiambiwa shuleni kwamba baba yake naye amefungwa. Akaiweka bunduki chini, akaisogeza mbali kidogo, kwa sababu hakuiamini mikono yake.

Mayowe yakazidi. Akaiokota, akayafuata.

Umati ulikuwa umezunguka shimo la zamani la wachimbaji wa almasi, lililoachwa bila kufukiwa. Binti mdogo wa mama mmoja alikuwa ametumbukia, na sasa ameshatolewa, hai, anakohoa vumbi mapajani mwa mama yake. Katikati ya watu Athanas akaona sare za rangi ya chungwa. Wafungwa wake walipita njia ya mkato wakamtangulia. Nao ni Wasukuma, mwano ni mwano. Lakini walikuwa wanne.

"Makoye ndiye aliyeshuka shimoni, afande," akasema Wiliam, nyapara wao.

"Yuko wapi?"

Wiliam akatazama chini. "Alipopanda juu alielekea kule." Akaonyesha ng'ambo ya korongo.

Athanas akatoa simu, akairudisha mfukoni, akaitoa tena. Akitoa taarifa, Makoye atasakwa kwa risasi. Asipotoa, yeye mwenyewe kwisha. Akawarudisha wale wanne shambani, wakapalilia kimyakimya, naye akazunguka mashina ya pamba mpaka akaacha njia kwenye udongo.

Jua likiwa limeinama, Makoye akaja, amejaa matope mpaka kwenye kope.

"Ulikwenda nyumbani," Athanas akasema.

"Nilikwenda, afande. Sikufichi, sikutaka kurudi. Mama akanipa maji, akaniuliza, 'Ng'wanone, mwanangu, wamekuachia?' Nikamwambia askari wetu kakimbilia mwano, katuacha. Akaninyang'anya kata sijamaliza kunywa. Akasema mtu aliyekimbilia mwano wetu hawezi kufungwa kwa ajili yangu. Akanifukuza."

Athanas akalia mbele ya wafungwa wake wote, na hakujificha.

Habari zilifika gerezani kabla yao. Mkuu wa zamu aliwapanga mstari getini, uso umekunjamana. "Nasikia leo gengi la shamba lilitawanyika. Nani alikuwa wa kwanza kuondoka shambani?"

Kila mmoja alijua kwamba atakayetajwa ataongezewa kifungo. Kisha Makoye akapiga hatua mbele.

"Mimi, afande."

"Anadanganya," Athanas akasema. Akaishusha bunduki begani, akamkabidhi mkuu wake, akaenda kusimama kwenye mstari kando ya Makoye. "Wa kwanza ni mimi."