Kikopo Kisichokuwa na Jina

Fundi wa nyavu hashoni wavu kabla ya kuupapasa, kama mama atafutaye mwiba katika unyayo wa mwanawe. Meli zinazokokota nyavu sakafuni mwa bahari humletea zilizochanika, naye kwanza huchomoa vipande vya matumbawe vilivyonasa, huvisuuza, huviambia, "Pole, bibi," na kuvitia vikoponi. Vidole vyake ni vinene, vimejaa makovu, lakini sijaona kipande kikivunjika mikononi mwake. Kila kikopo hukiandika tarehe, kina cha maji na jina la nahodha. Marehemu mume wangu alikuwa nahodha wa mojawapo ya meli hizo, na jina lake nimelitunza kama shuka jeupe.

Juzi watafiti waliviomba vikopo hivyo, wajue sakafu imeparuzwa wapi. Fundi akaja kwangu amekumbatia kimoja. Ndani mlikuwa na tawi lisilozidi kidole changu.

"Hili lilikua miaka mia, shemeji. Tuliling'oa asubuhi moja."

"Tuliling'oa? Wewe unayetapika ukiona karai la maji?"

"Wavu niliushona mimi."

Kikopo kilikuwa na tarehe na kina. Mahali pa jina palikuwa wazi.

"Miaka tisa mkono unakataa kuandika," alisema. "Nitaandika langu. Lenu libaki safi." Tayari alikuwa ameshika kalamu.

Nilimnyang'anya. Nikaliandika mwenyewe jina la mume wangu, kwa mwandiko ule ule wa kadi za harusi yetu, kisha nikaupuliza wino ukauke.