Aliyekuja Ingawa Aliambiwa Asije

Mimi sipendi ukungu wa kwetu Muthara. Kuna asubuhi humwoni hata ng'ombe wa jirani, unamsikia tu akitafuna. Siku ile ulikuwa umeingia mpaka sebuleni, na mama yangu alikuwa kwenye kochi, baridi, mdomo wazi, haitiki.

Mama ana ugonjwa wa sukari. Wiki hiyo kina mama wa kanisa walikuwa wakifunga na kuomba, na yeye akafunga nao. Chakula aliacha, lakini sindano yake ya kushusha sukari alijidunga kama kawaida, maana dawa si chakula, haivunji mfungo. Ungemuuliza mtu yeyote pale kijijini, angekwambia hivyo hivyo.

Nilikuwa nimetoka dukani kwangu Kinoru kuja kumsalimia tu. Nikapigia ambulensi simu. Kufumba na kufumbua, nyumba ilijaa. Jirani yetu, mzee wa kanisa, akamshika mama mkono, akatikisa kichwa, akavua kofia. Mwanamke mmoja akamfumba macho, mwingine akavuta shuka mpaka juu ya kichwa. Wakaanza kuimba kwa Kimeru, polepole. Hakuna aliyelia, na utulivu huo ndio ulionitisha. Nilihisi kabisa kuna mtu mle ndani ananiangalia, na kila nikigeuka naona migongo ya watu.

Kisha mzee, kwa heshima zake, akachukua simu yangu akawapigia wale watu wa ambulensi. "Msijisumbue, mwanangu. Huyu ameshaitwa na Bwana. Na barabara yenyewe ni mbaya." Kwetu hatupendi kusumbua watu. Nilimkasirikia kwa ule upole wake, lakini hata mimi sikumnyang'anya simu.

Simu yangu ina kelele, kwa hivyo sote tulisikia mwanamke akijibu. "Pole sana, mzee. Lakini mimi nikishatoka, sirudi mpaka nimguse mgonjwa mwenyewe."

King'ora kilianza kusikika mbali. Mara kiko chini kwenye mashamba ya miraa, mara kiko nyuma ya choo chetu, kisha kikanyamaza kabisa. Wimbo ukaendelea. Nilidhani wamepotea huko kwenye ukungu na mama yangu ndiyo basi tena.

Mlango ukasukumwa. Akaingia mwanamke mfupi mwenye gambuti zilizojaa tope, mkoba begani, hakusalimia mtu. Akafunua shuka, akampapasa mama paji la uso.

"Nani amempaka maji?"

Hakuna aliyekuwa amempaka maji. Lilikuwa jasho.

"Basi nyamazeni," akasema, na wimbo ukakatika katikati ya ubeti. Akamtoboa mama kidole, akatazama kimashine chake, akaguna. Akatafuta mshipa, akaanza kuingiza maji ya sukari taratibu, huku akimwita kama nyanya yake, "Shosho, rudi. Shosho, bado." Mzee alikuwa amesimama tu na kofia yake mkononi. Kidole cha mama kikacheza. Halafu akafumbua macho, akatutazama mmoja mmoja, na mwanamke aliyemfunika akatoka mbio. Mimi nilikaa sakafuni nikalia bila aibu.

Yule mhudumu wa ambulensi alipita wodini alikolazwa mama siku iliyofuata kumjulia hali. Mama akamshika mkono, akakataa kuuachilia.

"Niliwasikia wote," mama akasema. "Niliisikia shuka ikipanda. Nilikuwa nawaita, na hakuna aliyegeuka."

"Yamepita, shosho. Kunywa uji."

Mama hakuugusa uji. Kijijini kwetu, tangu nikiwa mdogo, mtu akikata roho ni mama yangu anayeitwa kumfumba macho na kumfunika shuka.

"Binti yangu," akamwambia, "na wale niliowafunika mimi?"