Nzuri, Ila

Mwalimu wangu wa flamenko, ngoma ya Kihispania ya kupiga miguu, aliniambia nacheza kama mtu wa mapokezi. Alisema mbele ya darasa zima, kwa Kiingereza chake chenye Kihispania ndani, amejishika kiuno. "Mguu mzuri, mkono mzuri, lakini huo uso! Unamchekea nani?" Wenzangu wakatazama sakafu. Mimi, kwa aibu, nikazidi kutabasamu.

Nilijiunga na darasa lile, kwenye jengo kuukuu mjini Saint Paul, karibu na reli, bila sababu ya maana. Mwanangu wa pekee alikuwa amehamia Texas kikazi, na baba yake tuliachana siku nyingi. Jioni nikitoka ofisini naendesha mpaka nyumbani Burnsville, nafungua mlango, napiga hodi, najiitikia karibu. Siku moja nikajikuta nalisemesha friji. Nikasema hapana, mtu mzima wa miaka hamsini unarukwa na akili hivi hivi, tafuta pa kwenda. Darasa lililokuwa na nafasi Jumanne ni hilo la flamenko. Lingekuwa la kusuka vikapu, ningesuka vikapu.

Nikalipenda. Unapiga mguu mpaka mbao zinalia, ruhusa kamili, hakuna jirani wa chini wa kulalamika! Baada ya miaka mitatu mwalimu akanipa kucheza peke yangu kwenye onyesho lao, ngoma wanayoiita soleá. Akanieleza kwamba jina lenyewe maana yake upweke. Nilifurahi kama bibi harusi. Halafu ndipo akaanza kuniandama na uso, mpaka akaniambia wazi kwamba usipobadilika, ngoma anampa mwingine.

Nilikasirika, nisiseme uongo. Uso wangu una kosa gani? Nimelelewa Tanga mimi. Kwetu mgeni hakukuti umenuna, hata kama umetoka kulia chumbani sasa hivi. Na salamu zetu ndivyo zilivyo. Dada yangu mkubwa aliponipigia simu ya msiba wa mama, tulianza na shikamoo, marahaba, hujambo, sijambo, habari za huko, nzuri, za baridi, nzuri, mtoto, mzima. Nami nikamuuliza zake, akasema nzuri, alhamdulillahi. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Ila mama katutoka." Hakuna aliyekosea pale. Nzuri inatangulia, na baya linakuja nyuma ya ila.

Siku ya mazoezi akaja mwimbaji, jibaba moja limevaa sweta ya kijani. Nikampokea vizuri, nikamuuliza hali.

"Mbaya," akasema. "Goti linaniua, na ndugu yangu hasemi nami."

Ebo! Mtu hata koti hajatundika! Nikabaki nimeshika kikombe chake cha chai. Akakaa kwenye kiti cha kukunja, akafumba macho, na kabla ya neno lolote la wimbo akatoa "aaay" ndefu, ya kukwaruza, ikapanda, ikavunjikia juu. Nywele zilinisimama. Mpiga gitaa hakushtuka. Mwalimu alisema tu "olé," taratibu, kama anayeitikia salamu. Nikaona kumbe hawa wanaanza moja kwa moja na ila. Hiyo nzuri hawana habari nayo.

Nikacheza. Nikatabasamu. Mwalimu akamwashiria mpiga gitaa anyamaze.

"Nani amekufa kwako?" akaniuliza.

"Hakuna. Wote wazima," nikasema, kana kwamba mama yupo.

"Basi mbona uko hapa kila Jumanne?"

Nikachukua koti langu, nikashika barabara kuu ya thelathini na tano, nikamsema kwa Kiswahili peke yangu garini mpaka Burnsville. Mwanamke hana adabu, anauliza maiti za watu! Nilipozima gari ndipo nikagundua kwamba swali lake bado sijalijibu. Ngoma hakuninyang'anya, nadhani kwa sababu muda wa kumfundisha mwingine haukuwepo.

Onyesho lilikuwa Jumamosi mchana. Sikumwalika mtu. Watanzania wenzangu wa hapa tunakutana kwenye harusi, misiba na futari. Wakiniuliza nasema nzuri, kazi tu, na wao wananijibu hivyo hivyo. Ningewaambiaje kwamba nakwenda kupiga miguu jukwaani na gauni la marinda? Mwanangu nilimwandikia. Akanijibu kwa Kiingereza kwamba ni jambo zuri sana, na kipicha cha mikono inayopiga makofi.

Nikasimama katikati ya jukwaa. Mwimbaji akatoa ile aay yake. Uso wa huzuni nilikuwa nimeshauandaa, nimeufanyia mazoezi kwenye kioo cha gari, lakini tabasamu likaja vile vile, likanipanda mashavuni lenyewe kama kwikwi. Hapo nikashikwa na hasira. Safari hii mwalimu hakuwemo, ni mashavu yangu mwenyewe niliyoyachukia. Nikapiga mguu ili liondoke. Nikapiga tena. Likaondoka, na nyuma yake sikukuta uso mwingine wowote. Niliukuta ule mlango wa Burnsville, na hodi yangu, na sauti yangu inayoitikia karibu.

Masikio yakaziba. Watu siwaoni. Miguu inakwenda na mimi naifuata nyuma, mdomo wazi, kamasi zinatiririka, na wala sijali. Niliogopa sana, na sikutaka iishe. Mtu akapiga ukelele wa olé, mbali huko. Mwimbaji akainuka na goti lake bovu, akasogea, akaniimbia karibu na uso kabisa, machozi yanamtoka. Sijawahi kuwa karibu na mtu namna ile, na hata anakoishi sikujui.

Kisha ikaisha. Watu wakasimama wakapiga makofi. Mwalimu akanipangusa pua kwa ncha ya shali yake. Wenzangu wakachukuliwa na watu wao, na mashada ya maua, na waume waliowashikia makoti. Nikaenda kwenye gari langu, nikakwangua barafu kiooni, na wa kumwambia sina. Hilo darasani hatukufundishwa, kwamba ukishafunguka hivyo unakwenda nalo wapi. Nililala na gauni.

Jumapili asubuhi dada akapiga simu kutoka Tanga, kama kila Jumapili.

"Shikamoo dada."

"Marahaba mdogo wangu. Hujambo?"

"Sijambo."

"Habari za huko?"

"Mbaya," nikasema. "Niko peke yangu, dada. Nina upweke mpaka mifupa inaniuma."

Akapiga kelele: "Inna lillahi! Kafa nani?"

"Hajafa mtu."

"Mtoto?"

"Mzima."

"Wamekufukuza kazi?"

"Kazi bado ninayo, dada."

"Wee! Hajafa mtu ndiyo unanianzia simu namna hiyo? Na presha yangu hii unaijua!" Nikamsikia anavuta kiti, anakaa, anahema. Nilijuta. Nilitamani mtandao ukatike, tusingiziane mtandao.

"Haya," akasema. "Tuanze upya, kama watu. Habari za huko?"

"Nzuri," nikasema. Na tabasamu likaja. Nililihisi kabisa, nimesimama peke yangu jikoni.

Nikangoja aniulize za baridi. Hakuuliza. Watoto wa jirani yake walikuwa wanacheza uani, nawasikia, na yeye namsikia anavyopumua.

"Ila?" akasema, kwa sauti ya chini.