Kompyuta Isiyokula Umeme na Bafu la Baba Mkwe

Haya chekeni, lakini mkimaliza hadithi hii iacheni hapa hapa, maana nikipita mtaani Makanyagio mpaka leo kuna watu wananiita Mzee wa Picha, na wanavyolitamka hilo jina hakuna heshima hata chembe.

Ilikuwa miaka ya tisini mwishoni, mimi fundi redio, nina kibanda pale Kashaulili, na nyumbani Makanyagio kuku walikuwa wanaibwa. Si wangu tu, mtaa mzima, tena mchana kweupe watu wakiwa kazini na mashambani. Jirani yangu Mama Sikujua aliibiwa tetea anayeatamia, akalia kama amefiwa. Basi mimi kwa ujuaji wangu (na huo ujuaji ndio ulioniponza) nikasema mwizi huyu nitamnasa kwa kamera. Juma, mfanyabiashara aliyekuwa analeta vitu vya mitumba toka Dar kwa treni, alikuwa na kikamera cha mviringo kama chungwa, unakichomeka kwenye kompyuta, halafu kompyuta inapiga picha yenyewe kila baada ya muda na kuzitunza. Kompyuta alikuwa nazo mbili, moja kubwa yenye kioo kizito kama mfuko wa saruji, nyingine ndogo ya kukunja.

"Hiyo kubwa ina haraka, lakini itakumalizia betri ya gari kabla ya saa sita," Juma akaniambia. "Hii ndogo haili umeme, kaka, inaonja tu. Ila akili yake nzito kidogo."

Umeme wa mji enzi hizo ulikuwa wa kubahatisha, ukija jioni unashukuru, kwa hiyo nikachukua ndogo, na huo uzito wa akili nikaupuuza. Picha moja ilikuwa inafunguka mstari kwa mstari kutoka juu kwenda chini, na ikishaanza haisikii kitufe chochote mpaka imalize. Nikasema shida iko wapi, sisi tuna haraka gani?

Kamera nikaifunga chini ya paa kwa mpira wa baiskeli, ikawa inatazama banda la kuku. Wiki hiyo hiyo baba mkwe, Mzee Bukuru, akaja na baiskeli yake toka Katumba kutusalimia. Mzee huyu hakuwahi kunikubali sawasawa, kila akinikuta na nyaya anamwuliza mke wangu, "Mumeo bado anacheza?"

Jumamosi jogoo wa Mama Sikujua akapotea, tena alikuwa amezoea kushinda kwetu. Jumapili, watu wametoka kusali, mama huyo akaja na nusu ya mtaa. "Si una mashine wewe? Tuonyeshe mwizi!"

Mtu mwenye akili angeziangalia zile picha kwanza peke yake. Mimi nikatoa meza uani, nikaweka kompyuta huku nikijisifu kwamba haili umeme, betri ya gari ikabaki chini, na baba mkwe nikamwekea kiti mbele kabisa.

Picha ya kwanza ikashuka taratibu: banda, kuku, kivuli cha paa. Watu wakapiga makofi. Baba mkwe akasema, "Kumbe ni kazi." Jamani, hayo maneno nilikuwa nayangoja tangu nimeoa.

Nikafungua nyingine. Kumbe jua lilikuwa limeulegeza ule mpira, kamera imegeuka, inatazama bafu letu la matete lisilo na paa. Ukaanza kuonekana uzio, halafu upande wa kulia mkono umemshika jogoo miguu, unampitisha juu ya uzio.

"Jogoo wangu!" Mama Sikujua akapiga kelele.

Chini ya mkono ikatokea kofia iliyofunika uso wote. Na kushoto, ndani ya bafu, kikatokea kipara kimejaa povu.

Watu wakaanza kugeuza macho kwenye kiti cha mbele. Yakaja masikio. Yakaja mabega.

"Zima," baba mkwe akasema taratibu.

Nikabonyeza kitufe hiki, nikabonyeza kile, mashine haina habari, inashusha tu. Kifua hicho.

"Iache ishuke!" Mama Sikujua akashika kifuniko nisikifunge. "Shati la mwizi liko chini, shati tutalijua!"

"Zima, Baba Neema!" baba mkwe sasa akanifokea.

Tumbo hilo, na tumbo la mzee halikuwa dogo, na mimi najua kinachofuata baada ya tumbo. Nikaikumbatia kompyuta, nikatimua mbio kuelekea ndani. Nilichosahau ni waya wa betri. Ulipofika mwisho ukanivuta, nikaenda chini kifudifudi kwenye karai la pumba, kompyuta chini yangu, na kioo kikazima moja kwa moja.

Nilipoinua uso wenye pumba mpaka kwenye nyusi, baba mkwe alikuwa ameshashika baiskeli, mke wangu amempigia magoti. Akanitazama, akasema, "Mashine yako kweli haili umeme. Inakula heshima za watu." Akaondoka.

Nilikaa mwezi mzima ndipo nikapata ujasiri wa kumpelekea mbuzi Katumba. Alinikalisha, halafu akauliza, "Imekufa kabisa?"

"Imekufa, baba."

"Haya, karibu chakula."

Mwizi hakujulikana, na Mama Sikujua mpaka kesho anaamini nilimficha makusudi. Kamera sifungi tena maishani, hata ya bure. Ila mtu akija kuniuliza achukue kompyuta gani ya kulindia nyumba, mambo ya umeme simwambii kabisa. Namwambia, ndugu yangu, chukua ile inayozimika ukiiambia zima.